Mstari Uliofuatwa na Mkasi

Krap. Krap. Krap.

Alikuwa akihesabu bila kukusudia. Tangu utotoni sikio lake lilijua kwamba tundu la mkono la gauni la mtu mzima humalizwa kwa mikato tisa ya mkasi mkubwa wa mama yake, au kumi kitambaa kikiwa kigumu. Leo, nyuma ya pazia lililogawa chumba, hesabu ilifika kumi na moja, ikafika kumi na mbili, ikafika kumi na tatu. Kisha kimya. Hakikuwa kimya cha mtu anayegeuza kitambaa. Kilikuwa kimya cha mtu aliyebana pumzi.

Kijana akaacha kalamu. Mbele yake palikuwa na karatasi ya chuo yenye swali moja juu: Eleza, kwa ukurasa mmoja, picha zako zinatoka wapi. Chini yake, kwa siku tatu, alikuwa ameandika sentensi moja, akaikata, akaiandika tena vilevile: Picha zangu zinatoka katika vitu vya kila siku ninavyovipenda. Ilikuwa kweli, na ilikuwa imelala kama gunia tupu. Hakujua aweke nini ndani yake.

Mtaani walimwita Mkaa, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi. Alichora kwa vipande vya mkaa, na akipita dukani walimuuliza leo ana magunia mangapi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Ili avuke kwenda wa tatu alitakiwa kupeleka kazi nne kubwa na ule ukurasa mmoja kabla ya saa sita mchana, siku ya Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

"Mkaa," mama akaita. Hakuita kwa nguvu. "Hebu njoo."

Upande wa pili wa pazia palikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na dada yake mkubwa aliyesimama na pini tatu mdomoni. Juu ya meza, kitambaa cha bluu iliyopauka kilikuwa kimekunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka: mapande ya mbele ya magauni kumi na mawili, sare za wauguzi wa zahanati iliyokaribia kufunguliwa. Mama, ambaye wateja wote walimwita Fundi kana kwamba hakuwa na jina jingine, alikuwa ameweka pande la mgongo juu ya pande la mbele. Kwapani hayakukutana. La mbele lilikuwa limeliwa vidole vinne kuelekea kifuani.

"Nimefuata mstari," mama alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya watu asiowaona. "Mstari ulikuwa huu."

Dada akatoa pini mdomoni, akaivuta ile karatasi kubwa ya vipimo iliyokuwa ukutani. Ilikuwa karatasi ya kaki ya siku nyingi, na juu yake mistari ya saizi zote ilikuwa imechorwa kwa penseli, saizi ndogo ndani ya kubwa, kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Mama alipotaka saizi fulani aliweka karatasi nyingine chini, akapitisha kigurudumu cha meno juu ya mstari wake, meno yakatoboa njia. Ndivyo alivyofanya jana. Ila kati ya mawimbi yale palikuwa na mstari mwingine, mnene, mweusi, ulioteremka kutoka begani ukaingia kifuani kwa maringo. Haukuwa wa saizi yoyote. Lilikuwa bega la mwanamke aliyeinamia cherehani.

Mkaa aliutambua mara moja, kama mtu anavyotambua sauti yake mwenyewe. Aliuchora wiki tatu zilizopita, wakati mama amekwenda kununua uzi. Karatasi ya kaki hushika mkaa kuliko karatasi yoyote ya chuo. Alikuwa amejisemea ataufuta.

"Hongera, msanii," dada alisema. "Wanawake kumi na wawili watahudumia wagonjwa kwapa wazi, kwa hisani yako."

"Mwache," mama akasema.

"Nimwache vipi, mama? Tangu ana miaka sita anachora kwenye karatasi za kazi, tunamwachia tu."

"Pembeni nilimruhusu." Mama akamgeukia mwanawe, na macho yake yalitua mahali fulani karibu na sikio lake. "Pembeni, baba. Katikati ni pangu."

Mkaa alikuwa na kiburi cha kijana aliyejifundisha mambo mengi peke yake, na kiburi cha namna hiyo hakijui kuomba radhi kwa haraka. Hutafuta kwanza kama kuna mwingine wa kugawana naye kosa. Alitaka kuuliza mtu anawezaje kuchanganya mkaa na penseli. Hakuuliza, na baadaye alijilaumu kwa kutouliza.

"Basi tusilie," mama alisema. "Tutatia kipande cha kwapa. Kitambaa cha akiba kipo."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Kila kazi kubwa iliyoingia, kabla ya mkasi kugusa chochote, alipima mita mbili za jora, akazikunja na kuzilaza chini kabisa ya sanduku la bati. Akiba haikutoka mpaka nguo ya mwisho ivaliwe na mwenyewe anyanyue mikono. Wateja walidhani ni wizi mpaka waliporudishiwa mkononi, imepigwa pasi.

Mama akapiga magoti, akafungua sanduku. Hakutazama ndani, mikono ndiyo iliyoingia. Ilipita juu ya kopo la vifungo, juu ya zipu zilizofungwa kwa uzi, juu ya mabaki ya bitana, ikafika chini. Ikarudi. Ikaenda tena, pembe hadi pembe.

Mkaa alirudi nyuma hatua moja. Kitambaa kile kilikuwa chuoni, kimewambwa kwenye fremu, urefu wa mtu mzima. Alikikuta sandukuni mwezi uliopita, akajiambia ni mabaki, ingawa alijua mabaki hayakunjwi vizuri hivyo.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Wakati ulikuja, ukasimama mlangoni, ukamngoja. Yeye akatazama vidole vyake.

"Hakipo," mama alisema. Akakaa juu ya visigino vyake, kisha akatoa kicheko kidogo kisicho na furaha. "Basi nilipima vibaya. Nilidhani nimeweka, kumbe sikuweka."

"Wewe?" dada akauliza. "Wewe hujawahi kusahau akiba hata siku moja."

"Kuna siku ya kwanza ya kila kitu," mama alisema, akafunga sanduku polepole, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Mkaa akachukua mkoba wake na kusema ana kipindi. Hakuwa na kipindi.

*

Darasa la michoro lilikuwa tupu, na picha ilikuwa imesimama palepale, ikimngoja kwa dharau.

Kazi zake nyingine tatu zilikuwa za rangi. Moja ilikuwa birika lililobonyea ubavuni. Nyingine viatu vya nyumbani kwao mlangoni, vya watatu, vikiwa vimeelekea pande tatu. Ya tatu foleni ya ndoo bombani bila watu, ndoo zenyewe zikiwa na tabia za wenyewe. Zilikuwa nzuri, naye alijua. Lakini hii ya nne, ya mkaa mtupu juu ya kitambaa cha bluu, ilikuwa kitu kingine. Mama yake akishona, kwa ukubwa wake halisi. Mgongo ulikuwa mlima, mkono wa kulia ulikuwa umeyeyuka ndani ya gurudumu la cherehani, na uso ulikuwa karibu kabisa na sindano, kama mtu anayeinusa. Bluu ya kitambaa ilibaki pale ambapo mkaa haukugusa, ikawa mwanga.

Mwalimu wa michoro akaingia, mtu mfupi mwenye njiti ya kiberiti mdomoni na miwani iliyokaa kwenye paji la uso bila kazi. Akasimama kando yake.

"Hii ndiyo itakuvusha," alisema. "Zile tatu ni za mwanafunzi mzuri. Hii nashindwa kuisema." Akachukua kopo la dawa ya kugandisha mkaa, akalitikisa, gololi ikagonga ndani. "Niipulize? Ikikauka haifutiki tena, hata kwa maji."

"Kesho, Mwalimu."

"Kesho mtu atapita na bega lake, nusu ya mama yako iondoke."

"Kesho asubuhi."

Hakujua kwa nini aliahirisha. Alipobaki peke yake alizunguka chumba, akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Alijipigia hesabu za kila aina. Gauni ni gauni, alijiambia. Litavaliwa miaka miwili, lishuke cheo liwe tambara la kufutia sakafu. Picha itabaki. Wazo hilo lilimpendeza kwa dakika nzima. Kisha aliona mikono ya mama ikipapasa chini ya sanduku, pembe hadi pembe, na wazo likamchachia mdomoni. Nilipima vibaya. Mama yake, ambaye akikutazama ukipita barabarani alijua kiuno chako, alikuwa amejitia makosani mwenyewe, na yeye mwana alimwachia.

Akatoa ile karatasi ya chuo. Vitu vya kila siku ninavyovipenda, ilisema. Akaikunja, akairudisha mfukoni.

*

Aliporudi jioni, dada alikuwa anavua viatu. Yeye na mama walikuwa wamezunguka maduka matano na kipande cha mfano. Bluu zilikuwepo, bluu ile haikuwepo. Duka moja lilikuwa karibu kuwauzia, mpaka dada akatoka na kitambaa juani na kukuta kina zambarau ndani yake. Mama, alisimulia dada kwa sauti ya chini, ndiye aliyekuwa amesema zinafanana.

"Mama alisema zinafanana?"

"Kachoka," dada alisema. "Nawe ungechoka kama ungefanya kazi."

Kabla hajajibu, mlango uligongwa, akaingia Matroni wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye viatu vyeupe vilivyolia kila hatua. Alikuwa amekuja kujaribu gauni moja, kama walivyopatana. Mama alikuwa ameliunga moja kwa pini, kwa matumaini, akalivuta kwapani mpaka lisimame. Matroni alilivaa juu ya blauzi yake. Likiwa limetulia lilionekana gauni. Kisha akanyanyua mkono, kama anayetundika chupa ya maji ya mgonjwa, na ubavu mzima ukafunguka.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama mtu angecheka.

"Muuguzi anafanya kazi mikono ikiwa juu, Fundi," Matroni alisema.

"Mkono wangu uliteleza, mama."

"Mara kumi na mbili?"

"Vitambaa hupangwa pamoja. Mkasi ukikosea, umekosea yote." Mama alikuwa akimvua gauni, akizitafuta pini kwa ncha za vidole. Hakutaja karatasi ya vipimo. Hakutaja mstari mweusi wala mwenye mstari, ambaye alikuwa amesimama karibu na pazia, masikio yakiwaka.

Pini moja ilianguka. Mama akainama, akaanza kupapasa sakafu kwa kiganja, kushoto, kulia, akasogea, akapapasa tena. Pini ilikuwa inang'aa peupe, shibri moja kutoka kwenye kiatu cha Matroni. Kila mtu aliiona. Matroni alingoja kidogo, kisha akanyoosha ncha ya kiatu chake cheupe, akaisukuma pini taratibu mpaka ikagusa kidole cha mama.

"Hii hapa, Fundi."

"Ahsante," mama alisema kutoka sakafuni.

Matroni hakuwa mtu mbaya. Alivaa mkoba wake, akasema Ijumaa saa mbili asubuhi angekuja kuchukua magauni kumi na mawili, na kama yasingekuwa tayari angechukua mapande yalivyo ampelekee fundi wa njia panda. Kazi hii, aliongeza kwa upole uliouma kuliko ukali, inataka macho. Viatu vikalia mpaka nje.

Dada alimtazama Mkaa, naye Mkaa akalitazama pazia.

*

Kulikuwa bado na mwanga. Alikaa kitandani na madaftari yake matatu ya michoro, akiwa na nia ya kuandika ukurasa amalize, maana mtu anayewashwa na dhamiri hupenda kushika kazi nyingine. Alifikiri ataorodhesha: birika mara ngapi, viatu mara ngapi. Akaanza kuhesabu mama. Daftari la kwanza, la miaka miwili iliyopita: mama akishona, mama akitia uzi, mama akishona. Kila mchoro ulikuwa na tarehe pembeni. Mwalimu alilazimisha hivyo.

Katikati ya daftari la pili mkono wake ulipungua mwendo.

Akarudi nyuma. Akaenda mbele. Akachukua penseli, akaipima kama walivyofundishwa, kutoka ncha ya pua mpaka sindano. Katika daftari la kwanza palikaa penseli nusu. Katika la pili, robo. Miezi mitatu iliyopita palikuwa na upana wa ukucha. Mchoro baada ya mchoro, mwezi baada ya mwezi, kichwa cha mama kilikuwa kimeshuka kuelekea kwenye sindano, polepole, kama jua lisilosikika likizama. Na yeye alikuwa ameona kwamba mgongo sasa una umbo zuri zaidi. Alikuwa amefurahia mkunjo.

Pini ikamrudia. Macho yaliyotua karibu na sikio lake. Bluu yenye zambarau. Mikono iliyoingia sandukuni peke yake.

Kisha akaelewa jambo la mwisho, akasimama kabisa. Juu ya karatasi ile ya vipimo, mistari ya penseli ilikuwa ya miaka mingi, imefifia. Mama hakuchanganya mkaa na penseli. Penseli hakuiona. Mstari wa mwanawe ndio pekee aliouona.

Alitaka kupita pazia saa ileile. Alisikia mama akiimba kwa chini, cherehani ikienda, akishona mikono ya magauni isiyo na pa kushonewa, ili tu isionekane amekaa bure. Hakuweza. Akalala na nguo, akageuka huku na huku kama samaki kwenye kapu, na kulipopambazuka alikuwa ameshafika chuoni.

*

Mwalimu alikuwa mbele ya picha, kopo mkononi, gololi ikigonga.

"Usipulize," Mkaa alisema kutoka mlangoni.

Mwalimu akamtazama, kisha akatazama mikono yake iliyoshika koleo la kung'olea misumari. Mkaa alimweleza kwa kifupi, bila kujipamba, pamoja na lile la sanduku la bati. Mwalimu akaitoa njiti mdomoni.

"Kanuni inasema kazi nne."

"Nitaleta tatu, na madaftari."

"Jopo likikataa?"

"Nitarudia mwaka."

"Usijifanye shujaa mbele yangu. Kurudia mwaka si wimbo." Mwalimu alilitua kopo chini. Alisogea, akaitazama picha kwa muda mrefu, akashusha miwani kutoka kwenye paji, jambo ambalo wanafunzi hawakuwahi kumwona akilifanya. "Nimeisifu wiki nzima," alisema, "nami sikuona kwamba huyu mama haoni." Akashika upande mmoja wa fremu. "Anza na misumari ya chini. Ya juu itakurarulia kitambaa."

*

Aliingia nyumbani na kitambaa kimezungushwa begani. Dada alikiona kwanza, akaijua bluu ile. Alipouona uso wa mdogo wake akaweka mkasi chini.

"Hukupima vibaya, mama," Mkaa alisema. "Akiba niliichukua mimi."

Cherehani ikasimama. Mama hakugeuka mara moja.

"Tangu jana," alisema, "nalipima jora lile kichwani. Usingizini nalipima. Nikasema, sasa hata akili inaniacha." Aligeuka. "Kitambaa ni kitambaa, ungeomba ningekupa kingine. Lakini umeniona pale chini nikipapasa, ukaniacha nijiogope."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mkaa hakutafuta wa kugawana naye kosa. Dada akaanza kukusanya vipande vya uzi ambavyo havikuwepo.

"Kina nini?" mama akauliza. "Umekipaka rangi?"

"Mkaa tu. Unafulika."

"Kitundike nikione."

Walikitundika kwenye kamba ya pazia, dada upande huu, yeye upande ule. Mama alisogea. Alisimama mahali ambapo mtu yeyote angesimama, akasogea zaidi, akasogea zaidi, mpaka pua yake ikaligusa bega la mwanamke wa kwenye picha, ikatoka na doa jeusi. Alianzia begani, akafuata mgongo wote kwa macho, karibu hivyohivyo, kama anayekagua mshono. Chumba kizima kilimngoja.

"Bega la kushoto umelipandisha mno," alisema hatimaye.

"Ndivyo unavyokaa."

"Tangu lini mimi nakaa hivi?"

Mkaa akachukua madaftari, akayafungua mezani, la kwanza, la pili, la tatu. Akakumbuka kwamba hayatamsaidia. Basi akamshika mkono mama, akampeleka ukutani kwenye karatasi ya vipimo.

"Unaona mistari mingapi, mama?"

Mama akasogeza uso karatasini. Kwa mtu aliyeichora karatasi ile mwenyewe, mstari kwa mstari, swali hilo lilikuwa kama kuulizwa ana watoto wangapi.

"Mmoja," alisema.

Dada akakaa juu ya kiti kilichokuwa na mapande ya mgongo, bila kuyaondoa.

"Jicho la kushoto lilianza," mama aliendelea, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja vipimo vya mteja. "Ukungu. Halafu la kulia likafuata. Nilisema ni uchovu. Mkono unajua kazi, nikaufuata mkono. Fundi asiyeona, nani atamletea kitambaa?" Akafuta pua kwa upande wa kiganja, doa likawa refu zaidi. "Haya. Kifueni. Ijumaa haitungoji."

Mkaa alikifua mwenyewe, uani, kwenye beseni kubwa. Kwanza alikikung'uta, mama wa mkaa akaruka hewani akawa vumbi. Kisha maji ya sabuni. Mgongo ulikuwa wa kwanza kuondoka, ukafuata mkono, ukafuata uso. Maji yakawa ya kijivu, akamwaga, akatia mengine. Kutoka mlangoni mama aliagiza asikamue, kitakunjika. Hakukamua. Alikitundika kambani kikiwa bado kinatiririka maji.

Kilipokauka na kupigwa pasi, mama akamsimamisha mbele ya meza ya kukatia, akampa chaki.

"Vipande ishirini na vinne. Mimi nitasema, wewe utachora."

Alizoea kuutafuta mstari. Mchoraji hupiga mistari kumi myepesi, akauona mmoja ulio kweli, akautilia nguvu. Alipoanza hivyo, kidole cha mama kilitua juu ya chaki.

"Hapana. Mstari huu una mkasi nyuma yake. Usiutafute. Ujue kwanza, ndipo uupige."

Akaitua chaki upya, akaupiga mmoja. Mama akainama mpaka karibu aulambe, akaupitia, akasema upite hivyohivyo. Akapiga wa pili. Mpaka wa kumi hivi hakuwa akiutafuta tena, na ulikuwa wa ishirini alipojikuta anaupenda mstari usiomsifu yeye, usio na jina lake, utakaofichwa kwapani mwa mtu asiyemjua na kunyanyuka naye kila atakapomwinua mgonjwa. Dada alikata. Mama alishona kwa vidole, Mkaa akimtilia uzi kwenye sindano kila ulipokwisha.

*

Alhamisi, saa tano na nusu, alipeleka picha tatu, madaftari matatu, na ukurasa wake. Alikuwa ameuandika juu ya meza ya kukatia, kati ya pasi na kopo la vifungo, bila kufuta hata neno:

"Picha zangu zinatoka nyumbani. Nimemchora mama yangu mara mia moja arobaini na sita. Nilipenda mgongo wake, nilipenda mikono yake, na sikumwona. Kazi ya nne haipo, imegawanyika, inatembea. Sijui kama hiki ni kisingizio. Najua kwamba mpaka sasa nilichora ili nitazamwe, na nataka kujifunza kuchora ili nitazame."

Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, akauweka juu ya rundo, akasema matokeo yatatoka baada ya wiki mbili.

Ijumaa saa mbili viatu vilisikika vikija. Matroni alivaa gauni la kwanza, akanyanyua mikono yote miwili, akaishusha, akainyanyua tena. Gauni likaenda naye. Akavaa la pili. Kwenye la tano alitazama kwapani, akasema pana kivuli cha kijivu. Mkaa alikitambua: lilikuwa bega la kushoto, lile lililopandishwa mno, limekataa kutoka.

"Ni kwapani, mama," Fundi alimjibu. "Atakayekiona hapo ana mambo yake mwenyewe."

Matroni alicheka, kwa mara ya kwanza. Akasaini, wakamsaidia kubeba, viatu vikalia mpaka mwisho wa uchochoro.

Chumba kikabaki kikubwa. Dada alikwenda kuteka maji. Mama alikaa kwenye cherehani yake bila kazi yoyote mbele, na kwa mazoea kichwa kilikuwa kimeinama kuelekea kwenye sindano isiyo na uzi. Mkaa akavuta kigoda, akakaa mbele yake, karibu, mahali ambapo alijua sasa kwamba angeonekana.

"Jumatatu tunakwenda hospitali ya macho," alisema.

"Jumatatu kuna suruali za yule kinyozi."

"Kinyozi atangoja."

"Na daktari akisema hayatengenezeki?"

Mkaa hakutaka kuutafuta mstari mbele yake. Alingoja mpaka aujue.

"Yakitengenezeka, yasitengenezeke, mistari yako nitachora mimi, kila asubuhi kabla ya chuo, na ukisema nimekosea nitafuta. Na ile picha nitaichora upya, mama. Nakuahidi. Ila safari hii utakuwa umeinua kichwa."